Mama Beleshi na Kimea Kisichotaka Kuni

Ukiuliza pale mtaani Mama Beleshi ni nani, wengi hujishika taya kwanza ndipo wakujibu. Mwanamke yule alikuwa na mkono mwepesi tangu ujana wake, na taya za watu wazima wenye heshima zao zilikwisha kuonana nao. Jina alilipata kwa lile beleshi la mbao la kugeuzia kimea, ambalo halikumtoka mkononi hata alipokwenda dukani kununua chumvi. Alilitumia kwa kazi na alilitumia kutia watu adabu, na mara nyingi hakuona tofauti.

Msimsikilize anayesema alizaliwa hivyo. Watoto wote huzaliwa wamekunja ngumi, ila huyu hakupata mtu wa kumkunjua. Baba yake alikuwa mtengeneza kimea, na nyumba yao ndiyo iliyokuwa kiwanda: mbele vyumba vya kulala, nyuma shimo la saruji la kuloweka shayiri, kisha sakafu ndefu ya kuichipushia, na mwisho kabisa tanuri ya kuni ya kukaushia. Shayiri ikishalowa hutandazwa sakafuni, na ikianza kuchipua hutoa joto lake yenyewe. Isipogeuzwa, vimizizi hushikana vikawa mkeka, mkeka ukapata moto, na mzigo mzima ukanuka. Basi binti yule aligeuza asubuhi, akageuza mchana, akageuza jioni, na kila alipochelewa baba alimkumbusha kwa mkanda.

Siku moja, bado mdogo, meno ya mbele hayajarudi, aliteremka ndani ya shimo la kuloweka kufuata kikombe kilichomponyoka. Baba alimvuta kwa nywele akamtoa, akamchapa mpaka mdomo ukapasuka. Halafu, huku anatweta, akawasha kibatari, akakishusha mle shimoni kwa kamba. Kilipofika chini moto ukafa wenyewe, hakuna aliyeupuliza.

"Umeona? Kimea kinapumua kama wewe," alimwambia. "Hewa nzuri kinaila, mbaya kinaitema, na ile mbaya ni nzito, inalala chini. Wala hainuki. Unaingia unasikia harufu ya matango mabichi tu, unasema leo kazi imekubali, unalala, huamki. Usiingie popote penye kimea bila taa mkononi. Afadhali nikuue mimi."

Mapenzi katika nyumba ile yalisemwa hivyo, na yeye hakujua kama kuna namna nyingine.

Alipoolewa, mume alimpiga kofi moja tu, wiki ya kwanza, kwa sababu ya chai iliyopoa. Jibu alilopewa lilimlaza ndani, akawa anawadanganya wageni kwamba ameteleza bafuni. Baada ya hapo waliishi vizuri ajabu. Baba alipofariki wakarithi kiwanda. Mke akageuza kimea, mume akashika tanuri, na mdogo wake mume, ambaye mji mzima ulimwita Msumeno, akaleta kuni kwa lori lake. Msumeno alikuwa pande la mtu, shingo nene, kicheko cha kutikisa vikombe kabatini. Mfukoni hakukosa pipi kwa ajili ya binti yao, mtoto wa pekee, na alimbeba mabegani akimrusha juu mpaka mama apige kelele.

Vilima vilivyouzunguka mji alivimaliza yeye na wenzake. Kila mwaka lori lilikwenda mbali zaidi na kurudi na miti myembamba zaidi, mingine bado inatoka maji. Kuni mbichi zilitoa moshi, moshi ukaingia kwenye kimea, na mwoka mikate, mteja wao mkubwa, akaanza kulalamika kwamba mikate yake inanuka jiko. Ili zipate kuwaka, mume akazoea kuzirundika ubavuni mwa tanuri zikauke. Siku ya upepo cheche iliruka. Kimea kikavu kikishika moto hakisubiri mtu. Mume aliingia kuokoa magunia, akatoka na moja, akarudi kuchukua jingine, na paa likamwangukia.

Mama Beleshi alimfukua kwa mikono, mabati yakiwa mekundu. Alichokitoa hakikuwa kitu cha kuonyesha watu. Viganja vyake vilipona vikiwa vimejikunja, ngozi inang'aa kama nailoni, na mpaka leo havifunguki sawasawa.

Makaburini Msumeno alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akamgeukia shemeji yake mbele ya waombolezaji.

"Wewe na kimea chako ndio mmemla kaka yangu."

"Kuni ulileta wewe, shemeji," alijibu. "Mbichi."

Na hapo hapo akamtandika ngumi ya pua, mkono ukiwa bado na bandeji. Wachimba kaburi waliacha majembe yao kuja kuwatenganisha, na damu ya mmoja na usaha wa mwenzake vikawachafua waamuzi. Tangu siku ile watu wawili waliokuwa wakila sahani moja hawakusalimiana.

Tanuri hakuiwasha tena. Alijaribu mara moja, akashika kiberiti, akakirudisha mfukoni. Basi kiwanda kingekufa kama si yule binti, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, mwashi wa kujenga nyumba za watu, mrefu, mpole, aliyekwishazoea kunyamaza mamaye anapofoka. Alikuwa amelifikiria jambo hili kwa muda, na siku moja alichukua mkaa akachora mawazo yake ukutani. Kimea kikaushwe na jua: mabati yaliyopakwa rangi nyeusi yapashe hewa, hewa ipande kupitia matrei ya waya chini ya nailoni, itokee juu. Siku za mvua wachome makapi ya shayiri yao wenyewe kwenye jiko dogo la udongo, wasikate hata kijiti. Maji ya mwisho ya kuloweka, ambayo bado ni safi, yaanzishie mzigo unaofuata, na yale machafu yaende bustanini. Na kazi ya kuchipusha ihamie chini ya ardhi, katika chumba kitakachochimbwa ubavuni mwa mteremko, chenye kuta za matofali ya udongo, ambamo ubaridi unakaa wenyewe na shayiri haihitaji kunyunyiziwa maji kutwa nzima.

"Na ile hewa mbaya?" mama aliuliza papo hapo.

"Si babu alisema inalala chini? Naiwekea mlango wake chini." Binti alichora tundu kwenye ukuta wa upande wa bondeni, sawa na sakafu. "Itamwagika yenyewe kama maji. Likiwa wazi hilo, hatuna wasiwasi."

Mama aliutazama ule mchoro, akasema mkaa umeharibu rangi ya ukuta. Binti alimjua mamaye. Kesho yake akaanza kuchimba.

Matrei ndiyo yaliyotangulia kukamilika. Mwoka mikate alikuja kuona, mtu mfupi mwenye unga hadi kwenye nyusi, akatupia mdomoni punje zilizokauka juani, akatafuna kwa muda mrefu amefumba macho. Zilikuwa tamu, na moshi haukuwamo. Yeye alikuwa akichanganya kimea kwenye unga wa mikate kupunguza sukari, na sasa alitaka zaidi. Akaomba hata machicha, yale yanayobaki kimea kikishakamuliwa utamu wake, ayakaushe na kuyasaga atie kwenye mkate mweusi. Vimizizi wakapewa mbuzi. Hapakubaki cha kutupa.

"Dada, hata wewe ungekuwa unasagika ningekununua," alimtania Mama Beleshi, akaliponea beleshi chupuchupu.

Aliyeachwa kando ni Msumeno. Vilima vitupu, lori limewekewa mawe chini ya magurudumu, na mteja wake wa miaka yote anakaushia juani. Alianza na maneno. Alipita nje ya lango akipaza sauti kwamba kuna watu wanaota jua kama mijusi na kuiita kazi. Maneno yalipokosa jibu, alikuja na shoka.

Ilikuwa asubuhi, mama na bintiye wakitandaza kimea. Alivunja lango kwa teke, akaingia akipasua nailoni na kukata miguu ya matrei, kimea kikimwagika vumbini. Hakutukana wala hakufoka. Alikata kwa mpangilio, mguu baada ya mguu, kama aliyelipwa kufyeka pori.

Mama Beleshi alimwendea bila kukimbia. Pigo la kwanza la beleshi lilimpata kwenye kifundo cha mkono, shoka likadondoka. La pili lilishuka begani na mfupa ukasikika. La tatu likampigisha magoti. Siku ile Msumeno alikiona cha mtema kuni, na mtema kuni alikuwa ni yeye mwenyewe. Alipolala kifudifudi, mama aliendelea. Alimpiga mgongo, akampiga mapaja, akampiga kwa ajili ya mumewe na kwa ajili ya viganja vyake, na angempiga hata kwa ajili ya baba yake kama binti asingejirusha juu ya yule mtu. Pigo lililokuwa njiani halikuzuilika. Lilimshukia binti mgongoni.

Hapo beleshi likatulia. Binti hakulia. Alimwinua baba yake mdogo, akamfuta damu kwa kitambaa cha kichwani, akamkokota hadi langoni, akarudi akiwa amejipinda upande mmoja.

"Mama, chumba nitakimaliza kwa sababu nimekianza," alisema. "Lakini ukimwaga damu ya mtu hapa tena, au mtu akifa hapa kwa sababu yako, mimi naondoka na hunioni tena. Chagua mapema."

"Alikuja na shoka!"

"Nilimwona. Na wewe nilikuona."

Mama Beleshi alinywea. Mtu ambaye shoka halikumtisha, alitishwa na mwanawe kufunga nguo zake. Viganja vilivyojikunja vilishika mpini vizuri, lakini havikuweza kubeba trei wala kubandika tofali, na bila binti kiwanda kingegeuka uwanja wa mbuzi. Hilo hata hivyo lilikuwa dogo. Alimpenda bintiye kupita kiasi, hajamwambia hata siku moja, na badala ya kumwambia amempiga beleshi la mgongo. Jioni alimkanda kwa maji ya moto mpaka yakapoa, akaenda kupasha mengine.

Chumba kikaisha. Wakatandaza mzigo wa kwanza mkubwa, ule ambao mwoka mikate aliusubiri kwa hamu na ambao ulikuwa uonyeshe kama kimea kisichotaka kuni kinaweza kulisha nyumba. Kila asubuhi mama aliingia na kibatari mkononi, na kila asubuhi moto ulisimama wima hadi sakafuni. Shayiri ikachipua sawasawa, nyeupe na imara. Kwa ule ubaridi haikutaka kugeuzwa usiku, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake mwanamke yule alilala mpaka kunakucha.

Msumeno yeye bega lilipona vibaya. Lilishuka chini ya mwenzake, na msumeno aliopewa jina lake hakuweza tena kuuvuta. Akakaa nyumbani akilisugua bega na kulea chuki. Kwa kuwa alishusha kuni mlangoni mwa kiwanda miaka mingi, alijua jambo moja kuhusu kimea: kisipopata hewa kinakufa. Jioni moja, wenyewe walipokwisha kugeuza na kuingia ndani, alizunguka bondeni akaliziba lile tundu. Alitia mawe, akakandika matope, akamalizia kwa kugongomea kigingi. Alidhani shayiri itaoza. Kwamba mtu naye anaweza kuoza humo, hilo halikumpitia kichwani.

Asubuhi yake, mama na bintiye wakinywa chai jikoni, alirudi kuona kazi yake imefikia wapi. Aliingia ndani ya chumba na kuurudishia mlango nyuma yake ili asionekane.

Mama Beleshi alisikia kishindo. Akaweka kikombe, akachukua beleshi, na kwa mazoea ya maisha yote akawasha kibatari. Binti alikuwa bado anatia sukari.

Alipofungua mlango, mwanga wa jua ulishuka mpaka chini ya ngazi. Msumeno alikuwa amelala juu ya kimea kibichi, uso pembeni, vidole vimeshika chipukizi. Matope yalikuwa yamemkaukia mikononi na nyundo imechomekwa kiunoni. Harufu ilikuwa ya matango, tamu kama siku zote. Mama alinyoosha kibatari kuelekea ngazi za chini. Moto ukasinyaa, ukawa bluu, ukafa.

Akaelewa yote kwa mpigo: tundu, nyundo, matope. Akaelewa na jambo jingine. Hakuhitaji kuinua hata kidole. Maisha yake yote adui alikuwa mtu wa kupigwa, na huyu hapa hataki kupigwa, anataka tu kuachwa. Hakuna damu itakayomwagika. Nani atasema ni yeye? Aliyemletea mumewe kuni mbichi, aliyempasulia nailoni kwa shoka, sasa anakufa mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, bila usumbufu. Mgongo wa Msumeno ulipanda, ukakaa, ukashuka. Mama alisubiri. Ukapanda tena, kidogo zaidi. Kusema kweli hakusikia uchungu wowote. Alisikia raha, ile ya kuvua viatu vinavyobana.

"Mama, kuna nini?"

Binti alikuwa nyuma yake. Alichungulia juu ya bega lake, akaona. Alijua kuliko mtu yeyote chumba kile kinafanya nini, yeye ndiye aliyekijenga. Lakini aliyelala pale ndiye aliyembeba mabegani. Akavuta pumzi na kuteremka kabla mkono wa mama haujamdaka.

Alimshika Msumeno mkanda wa suruali, akavuta. Jitu lile halikusogea. Akavuta tena kwa nguvu zake zote, likasogea kidogo, na kwa nguvu hizo pumzi ikamtoka. Ikabidi avute nyingine. Alikaa chini polepole kama mtu aliyechoka na safari, akaegemea ngazi, kisha akateleza, kichwa kikaangukia mgongoni mwa baba yake mdogo.

Ukelele alioutoa mama ulisikika mpaka kwenye duka la mikate. Mguu mmoja tayari ulikuwa ndani. Akautoa. Katika maisha yake hajafanya jambo gumu kama kuutoa mguu ule, lakini alijua akiingia watakuwa watatu. Alinyakua mtaimbo uliokuwa umeegeshwa ukutani, akauacha mlango wazi, akazunguka bondeni mbio. Kigingi kilikuwa kimezama mpaka shingoni. Hakuhangaika nacho. Aliupiga ukuta.

Aliupiga kama hajawahi kupiga mtu. Ngozi ya viganja ikachanika, kovu la miaka likafunguka, mtaimbo ukaanza kuteleza kwa damu, akaufunga kwa upande wa gauni lake akaendelea. Ukuta haukutikisika. Binti alikuwa ameujenga kwa moyo wake wote, matofali yamepishana, udongo umeshindiliwa.

"Mbona ulijenga vizuri hivi?" alimfokea akilia. "Nani alikutuma kujenga vizuri hivi?"

Tofali moja likapasuka. Akalichokonoa, akapiga la pembeni, akaingiza mtaimbo akaulalia kwa tumbo, na kipande cha ukuta kikamwangukia miguuni na kumvunja vidole. Kimea kikamwagika nje juu yake, mzigo mzima, ukiteremka bondeni kwenye mavumbi. Aliinamisha kichwa pembeni kukwepa kile asichokiona kinachotiririka, akajaza mapafu, akaingia kwa magoti kupitia pale palipobomoka. Akamshika binti miguu. Akamburuta juu ya matofali yaliyovunjika, bila huruma, mpaka nje kwenye majani.

Midomo ya binti ilikuwa ya bluu. Mama alimpiga. Alimzaba kofi la kushoto, akamzaba la kulia, akampiga mgongoni mahali palepale palipokuwa pamepona juzi, akimwachia alama za damu ya viganja kila alipogusa.

"Pumua! Pumua we mtoto! Pumua nitakuua!"

Binti akakohoa. Akatapika chai. Akafumbua macho mekundu, na neno la kwanza likawa, "Baba mdogo."

Mama akarudi ndani. Alimtoa naye kwa miguu, kichwa kikigonga kila tofali njiani, na hakuona sababu ya kukiinua. Msumeno alipolazwa majanini alikoroma kama lori lake linalokataa kuwaka, akakoroma tena, akaanza kupumua.

Majirani walipofika waliona watu wawili wamelala hai, ukuta umebomoka, na mwanamke mzima ameketi katikati, mikono imechanika hadi nyama, vidole vya mguu vimevunjika. Waliona walichoona, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unamsifu. Amemwokoa hata adui yake! Taya zote zilizowahi kuumia zikamsamehe siku hiyo. Mwoka mikate aliwapeleka hospitali kwenye gari lake, wamelala juu ya kreti tupu.

Wodini, wauguzi walipotoka, binti alimgeukia mamaye. Sauti ilikuwa imemkwaruza.

"Nilipofika pale mlangoni, kibatari kilikuwa kimezimika mkononi mwako. Hata utambi haukuwa unatoa moshi."

Mama akageuzia macho pazia la dirisha.

"Ulikuwa unasubiri nini, mama?"

Mama Beleshi alikuwa na mabaya mengi, ila uongo hakuuzoea. Anayeongopa ni anayeogopa, na yeye hakuwa na kawaida ya kuogopa. Sasa aliogopa. Hata hivyo alisema.

"Nilikuwa nasubiri afe."

Binti aligeukia ukutani. Mama alihesabu maua ya pazia asijue la kufanya na mikono yake iliyofungwa.

"Utamwambia yeye," binti alisema mwishoni, bado ameutazama ukuta. "Kwa mdomo wako, mimi nikiwepo. Usipomwambia, nguo zangu zimeshafungwa."

Msumeno ndiye aliyetangulia kuja. Walipotoka hospitali alifika pale uani akichechemea, amevaa shati lake zuri, na mwoka mikate akawepo kwa ushahidi. Matofali yalikuwa bado yamelala pale yalipoangukia na mbuzi walikuwa wamemaliza kimea. Alipiga magoti mbele ya shemeji yake, jitu zima, machozi yakimwingia mdomoni.

"Shemeji, tundu niliziba mimi. Nilikuja kuua kazi yako, wewe ukaniokoa roho. Sina la kukulipa. Nitumie utakavyo mpaka nife."

Mama alimtazama bintiye. Binti hakumsaidia.

"Nyanyuka, shemeji," alisema. "Mimi nilikuona umelala. Nikasimama mlangoni nikakuangalia. Nilijua unakufa, na nilikuwa nasubiri umalize. Aliyekufuata ni huyu. Mimi nilibomoa ukuta kwa ajili ya mwanangu, wewe nilikutoa kwa sababu aliniagiza."

Mwoka mikate alikohoa, akatazama viatu vyake. Msumeno akainuka, akajipangusa vumbi goti moja baada ya jingine. Kila mtu alitazama mikono yake.

"Ningekuwa mimi, shemeji," alisema taratibu, "ningefunga na mlango."

Binti aliwaangalia wote wawili, watu wazima waliomlea, mmoja kwa makofi na mwingine kwa pipi, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Alilia wakiwa wamesimama pale hawajui nani amsogelee, maana kila mmoja aliona hana haki. Alipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Basi ndivyo mtakavyofanya kazi," alisema. "Nyinyi wawili. Chumba kikisimama tena, hakuna anayeingia peke yake. Mmoja akiingia kugeuza, mwenzake anashika mlango. Baba mdogo atageuza, mama mikono yake haijapona. Anayekataa aseme sasa, nijue kama nijenge au niende."

Hawakukataa. Ukuta ulijengwa upya na tundu likawekewa wavu wa chuma. Shayiri nyingine ikalowekwa, ikatandazwa, ikaanza kuchipua. Asubuhi ya kugeuza ilipofika, Msumeno alisimama juu ya ngazi akitokwa jasho kabla hajafanya lolote, na Mama Beleshi akaushika mlango kwa mikono yote miwili. Msumeno akateremka ngazi moja, akageuka kumtazama. Akateremka nyingine, akageuka tena.

"Nenda, bwana," shemeji yake alimwambia. "Nipo."

Akaenda. Aligeuza sakafu nzima, kutoka ukuta hadi ukuta, na kila alipofika mwisho wa mstari aliinua macho kuangalia kama mlango bado uko wazi. Viganja vilimuuma mama mpaka akasaga meno, lakini hakuuachia mpaka yule mtu alipotoka.